Jicho halina ugonjwa lakini halioni vizuri: mtoto ana miaka 9, tumechelewa?

"Dokta habari. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Walikuja kupima macho shuleni ikaonekana jicho la kushoto halisomi vizuri hata zile herufi kubwa za juu, la kulia linafika mstari wa mwisho. Hatukuwahi kujua maana hana makengeza, jicho halina wekundu, na yeye mwenyewe hajawahi kulalamika. Hospitali wamempa miwani, wakasema jicho lenyewe halina ugonjwa, shida iko kwenye ubongo, na baadae atatakiwa azibwe jicho linaloona saa kadhaa kila siku. Mama mkwe hataki hata kusikia, anasema mnaenda kuliua jicho pekee linalofanya kazi. Na mimi nimesoma sehemu kwamba ubongo ukipita miaka 7 unajifunga, tena nikasoma kuhusu wanasayansi walioshona macho ya paka wadogo na yale macho hayakuona tena, siku hiyo sikulala. Niambie ukweli, tumechelewa? Na kwanini ubongo ulikatae jicho ambalo halina ugonjwa? Ana mdogo wake wa miaka 3 naye nimeanza kumuwaza."

Dada yangu, nianze na jibu alafu maelezo yafuate, maana najua mtu mwenye hofu hasomi, anatafuta neno moja tu. Hamjachelewa kiasi cha kukata tamaa. Ingegundulika akiwa na miaka 4 ingekuwa rahisi zaidi, hilo sikufichi, ila miaka 9 bado ni umri ambao matibabu yanawasaidia watoto wengi. Na mama mkwe usimpuuze, ana hoja ndani yake, nitaifikia.

Pia ujue anayekujibu ni nani. Mimi ni mtafiti wa ubongo, kazi yangu miaka yote imekuwa kwenye mfumo wa kuona, yaani kusikiliza seli za ubongo zinafanya nini pale jicho linapoangalia kitu. Siyo daktari wa macho. Siwezi kumpima mtoto kwa maandishi, na daktari aliyemuangalia ndani ya jicho kwa taa yake anajua vitu ambavyo mimi sivijui. Ninachoweza kukusaidia ni lile swali lako la kwanini, na kwa uzoefu wangu mzazi akishaielewa hiyo kwanini anavumilia matibabu hata miezi mingi, asipoielewa anaacha wiki ya pili.

Alichonacho mwanao kwa jinsi ulivyoeleza ndo kile kinachoitwa jicho vivu, kitaalamu ambliopia. Kwa kuwa hana makengeza na amepewa miwani, inawezekana sana kwamba namba za macho yake mawili, yaani nguvu ya miwani ambayo kila jicho linahitaji, zinapishana, jicho moja tangu utotoni limekuwa likipeleka picha safi na lingine picha yenye ukungu. Yeye hawezi kulalamika kwa sababu hajawahi kuona tofauti na hivyo, na akifungua macho yote mawili anaona kila kitu vizuri kwa lile la kulia. Mpaka mtu alifunike hilo la kulia ndo mambo yanajulikana. Kwa hiyo acha kujilaumu, watoto wengi wa aina hii wanagundulika hivyo hivyo, siku ya kupimwa shuleni.

Sasa, ubongo. Watu wengi wanafikiri jicho ndo linaona alafu ubongo unapokea picha iliyokamilika. Jicho linakusanya mwanga tu na kuugeuza kuwa ishara za umeme, ishara zinatoka nyuma ya jicho kupitia mshipa wa fahamu wenye nyuzi kama milioni 1, zinapita kwenye kituo kilicho katikati ya ubongo, zinaishia kisogoni kwenye gamba la ubongo linaloshughulikia kuona. Njia nzima mpaka pale kituoni kila jicho lina mistari yake peke yake. Ni kwenye gamba la kisogoni ndo habari za macho mawili zinakutana kwenye seli moja. Na pale zinapokutana ndipo ugomvi wa mwanao ulipo.

Tumelijuaje hilo? Hapa lazima nikupeleke kwa hao watu wa paka, maana ulichosoma ni kweli ila umesomewa nusu, na ile nusu nyingine ndo ingekufanya ulale.

Walikuwa wawili. David Hubel, mzaliwa wa Canada, alisoma hesabu na fizikia kwanza ndo akaingia udaktari. Torsten Wiesel wa Sweden alianzia kwenye tiba ya magonjwa ya akili. Walikutana mwaka 1958 kwenye maabara ya Stephen Kuffler pale Johns Hopkins, Marekani, mwaka uliofuata wakahamia Harvard, na wakafanya kazi pamoja miaka zaidi ya 20. Hubel alikuwa ametengeneza sindano nyembamba sana ya chuma cha tungsten inayoweza kunasa ishara ya seli moja tu ya ubongo, ishara hiyo unaiunganisha na spika, seli ikishtuka unasikia mlio. Walikuwa wanamuonyesha paka aliyelazwa kwa dawa vidoa vyeusi na vyeupe kwenye skrini, kwa sababu seli za kwenye jicho zinapenda vidoa, wakadhani za kisogoni nazo zitapenda hivyo. Wapi. Seli imenyamaza masaa. Mpaka walipokuwa wanabadilisha kile kioo chenye kidoa, ukingo wa kioo ukatupa kivuli chembamba kama mstari kikapita kwenye skrini, seli ikaanza kulia mfululizo. Kumbe ilikuwa inasubiri mstari, tena mstari uliolala kwa pembe yake maalum, ukiugeuza inanyamaza tena. Mimi kila nikiwafundisha wanafunzi wapya naanzia hapo, maana ukweli mkubwa kuhusu kuona ulipita mbele yao kama kivuli na wakawa na masikio ya kuusikia.

Ila kwa mwanao kilicho muhimu ni kilichofuata. Madaktari wa macho walikuwa na fumbo la muda mrefu: mtu mzima akipata mtoto wa jicho, akitolewa hata baada ya miaka anarudi kuona vizuri tu. Mtoto mchanga aliyezaliwa nao, akitolewa akiwa mkubwa, jicho limekuwa safi lakini haoni vizuri. Kwanini? Ndo hapo Hubel na Wiesel, kwenye kazi zao za mwaka 1963, wakafunga jicho moja la paka mdogo kwa kushona kope, wakalifungua baada ya miezi 2 au 3. Jicho lenyewe halikuwa na kasoro, retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inajibu mwanga kama kawaida. Lakini kisogoni karibu seli zote zilikuwa zinalisikiliza lile jicho lingine tu. Wakafanya hivyo hivyo kwa paka mkubwa, akafungwa jicho muda mrefu zaidi, hakuna kilichobadilika. Kwa hiyo kuna umri ambao ubongo unajipanga kulingana na unachoona. Hiyo ndo nusu uliyosoma.

Nusu ya pili. Waliwafunga wengine macho yote mawili. Kama tatizo lingekuwa jicho kukosa kutumika, basi hawa wangeharibika mara mbili. Haikuwa hivyo, seli nyingi zilibaki zinajibu kwa macho yote. Maana yake kinachoua nafasi ya jicho kisogoni kuliko vyote ni kushindwa na mwenzake. Ni kama wenye mashamba mawili yanayopakana, mmoja akiwa haonekani shambani msimu baada ya msimu, jirani anasogeza mpaka taratibu, na siku yule akirudi ardhi ipo pale pale ila inalimwa na mwingine. Na baadae watafiti wengine walipolifungua jicho lililofungwa alafu wakafunga lile lililokuwa linatawala, paka akiwa bado mdogo, mpaka ulirudi, seli zikaanza tena kulisikiliza jicho lililonyimwa. Ukiielewa hiyo umeshaelewa kwanini mwanao anatakiwa kuzibwa jicho zuri. Kulizoesha jicho dhaifu peke yake huku lenye nguvu liko wazi hakusaidii sana, kwa sababu lenye nguvu linaendelea kushinda kila sekunde.

Najua habari ya paka imekuumiza na siwezi kukuambia isikuume. Walifanyiwa jambo zito. Ninachoweza kukuambia ni kwamba leo mtoto akizaliwa na mtoto wa jicho mzito, madaktari wanapigania afanyiwe upasuaji ndani ya wiki chache za mwanzo badala ya kusubiri akue, na kazi ile ni moja ya sababu kubwa za haraka hiyo. Wawili hao walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1981 pamoja na Roger Sperry.

Sasa kwanini mwanao hafanani na wale paka. Kwanza jicho la paka lilifungwa kabisa, halikupata picha yoyote, la mwanao limekuwa likipata picha ila yenye ukungu, kwa hiyo limesogezwa mpaka, halijafukuzwa. Pili, paka umri wake wa hatari unakuwa mkali sana kuanzia kama wiki ya 4 na umeshakwisha karibu na miezi 3. Binadamu tuna ubongo unaokua polepole mno, kwetu kipindi hicho ni miaka, na hakikatiki siku ya birthday ya 7. Kinapungua, kinapungua, kinapungua. Hiyo 7 uliyoisoma ilitoka kwenye uzoefu wa kliniki, madaktari waliona matokeo yanazidi kuwa madogo kadiri mtoto anavyokua, basi wengi wakawa wanaacha kutibu hapo, na kwa kuwa hawatibu hakuna aliyejua wangepata nini.

Baadae ikapimwa. Kuna jaribio kubwa la Marekani, majibu yake yalitoka 2005, lilihusisha watoto 507 wa miaka 7 hadi 17 wenye jicho vivu. Kwa wale wa miaka 7 hadi 12, waliopewa miwani, wakazibwa jicho zuri na pia kuwekewa humo matone ya kulitia ukungu, 53% waliongeza mistari 2 au zaidi kwenye ubao wa herufi, wakati waliopewa miwani tu ilikuwa 25%. Kwa wakubwa wa miaka 13 hadi 17 faida kwa jumla haikuonekana, lakini ukiwaangalia wale ambao hawakuwahi kutibiwa kabla, ilikuwa 47% kwa 20%. Mwanao ana miaka 9 na hajawahi kutibiwa. Uko upande mzuri wa hizo namba. Ila nikwambie na upande mwingine: wengi wa watoto hao, hata walioongeza, walibaki na upungufu fulani, jicho halikufanana na mwenzake. Kwa hiyo lengo lako lisiwe jicho la kushoto liwe sawasawa na la kulia, likifika huko tushukuru, lengo liwe jicho linaloweza kusoma na kumtosha mtu endapo siku moja la kulia litapata ajali au ugonjwa. Hiyo ndo bima unayomtafutia.

Na huwa inatokea: kuna watu wazima waliopoteza jicho lao zuri na jicho vivu, ambalo limekaa hivyo miaka na miaka, likaongeza uwezo wenyewe, siyo kwa wote, ila kwa baadhi. Hiyo inatuambia kwamba nyaya za lile jicho hazikufa, zilikuwa zimenyamazishwa. Huku kwenye maabara tunajua baadhi ya vitu vinavyonyamazisha. Mnyama anavyokua, seli fulani za kisogoni zinavishwa wavu wa protini na sukari unaozibana zisibadilike badilike, na mwaka 2002 watafiti wa Pisa, Italia, waliuyeyusha wavu huo kwa kimeng'enya kwenye ubongo wa panya wakubwa, ule uwezo wa utotoni wa kubadilika ukarudi. Usije ukaitafuta dawa hiyo kwa ajili ya mtoto, haipo kwa binadamu, kuchoma kimeng'enya ndani ya ubongo siyo jambo la kuchezea. Nimeitaja uone kwamba ubongo wa mtu mzima umebanwa, haujagandishwa.

Tumfikie mama mkwe. Anaogopa kwamba ukiziba jicho zuri utaliharibu, na kwa kanuni ile ile niliyokueleza ana haki ya kuogopa, kweli jicho zuri la mtoto likizibwa kupita kiasi linaweza kushuka. Ndo maana kuziba hakufanywi kienyeji. Kwa masaa machache kwa siku, mtoto wa umri huu, na kurudi kupimwa kwa tarehe mliyopewa, kushuka huko ni nadra, na kukitokea mara nyingi kunarudi wakipunguza masaa. Mwambie hivyo hivyo, kwamba hofu yake ndo sababu ya zile tarehe za kliniki, na kama inawezekana mchukueni siku moja aende naye aone jicho la kulia likipimwa kila safari. Bibi akishakuwa upande wenu nusu ya kazi imekwisha, maana ndo mara nyingi anakaa na mtoto mchana.

Matibabu yenyewe yanaenda kwa hatua na naona daktari wenu anafuata hatua. Miwani kwanza, ivaliwe muda wote anapokuwa macho, siyo darasani tu. Watu wanaidharau hii hatua lakini kwa watoto wadogo zaidi ya wako, miwani peke yake ilimaliza tatizo kwa takriban robo yao. Ndo maana amesema kuziba ni baadae, anataka kwanza aone miwani itafika wapi kwa wiki kadhaa. Ikifika hapo jicho limeacha kupanda ndo kuziba kunaanza. Masaa mangapi? Kwa jicho vivu la wastani, kwa watoto wa chini ya miaka 7, masaa 2 kwa siku yalitoa matokeo sawa na 6. Wako anaonekana hali yake ni nzito zaidi kama kweli hasomi vizuri herufi za juu, kwa hiyo usishangae akiambiwa zaidi ya 2, na usijiongezee mwenyewe ukidhani utafika haraka. Kibandiko kiwe cha kubandika kwenye ngozi, siyo cha kuning'inia juu ya miwani, maana mtoto wa miaka 9 ana akili, atachungulia kwa pembeni na hapo jicho zuri limeshashinda tena. Akiwa amezibwa apewe kitu cha karibu anachokipenda, kusoma, kuchora, hata gemu la simu sawa.

Mtoto akikataa kabisa kuzibwa, muulize daktari kuhusu matone ya atropini kwenye jicho zuri. Yanalitia ukungu wa karibu kwa muda, jicho dhaifu linapata nafasi, na kwa hali ya wastani kwa watoto wadogo yalifanya kazi karibu sawa na kuziba. Yanapanua na mboni pia, kwa hiyo mwanga unamkera kidogo. Matone hayo yakae mbali na watoto, ukiyameza ni sumu. Kuna pia video na michezo ya kompyuta ambapo kila jicho linapewa sehemu yake ya picha ili yalazimike kushirikiana, moja iliidhinishwa Marekani 2021, mwanzoni kwa watoto wa miaka 4 hadi 7. Mimi kisayansi naipenda sana njia hii kwa sababu inatibu ule ushirikiano wenyewe, lakini majaribio yake yametoa majibu mchanganyiko, kwa hiyo msiache kibandiko mkisubiri gemu. Mazoezi ya kuzungusha macho, miwani ya vitundu, virutubisho vya kuamsha ubongo, hivyo achana navyo.

Utasikia pia habari ya Susan Barry, mwanasayansi wa ubongo aliyekuwa na makengeza tangu uchanga na akaanza kuona kina cha vitu akiwa na miaka 48 baada ya mazoezi. Ni kweli na inatia moyo, ila kila jicho lake peke yake lilikuwa linaona vizuri, kesi yake siyo ya mwanao.

Tarajieni miezi. Wiki za kwanza za kuzibwa ndo ngumu, mtoto anaona vibaya kweli, anajigonga, analia, anaweza kusema unamuadhibu. Mueleze kama mkubwa, muonyeshe na picha ya ubongo kabisa, mwalimu wake pia aambiwe. Kama mtazibia nyumbani jioni badala ya shuleni ni sawa. Na jicho likishapanda msiache ghafla wala msipotee kliniki, kwa watoto wadogo takriban robo yao lilishuka tena baada ya kuacha, wanatakiwa kufuatiliwa.

Kuna mambo ambayo hayasubiri tarehe. Mboni ikionekana nyeupe, hata kwenye picha ya simu yenye flashi, jicho moja likiwaka nyeupe badala ya jekundu, mpelekeni siku hiyo hiyo. Makengeza yakianza ghafla, akianza kuona vitu viwili viwili, kope ikishuka, kichwa kinamuuma asubuhi na kutapika, au jicho lolote likipoteza uwezo ghafla, vile vile. Na kama miezi inapita, anavaa miwani kweli, anazibwa kweli, na jicho halisogei hata mstari mmoja, omba retina na mshipa wa fahamu viangaliwe upya, kwa sababu jicho vivu ni jina tunalolitoa baada ya kuondoa magonjwa mengine, na mara chache kuna kitu kidogo kilijificha. Kuuliza hivyo siyo kumkosea daktari heshima.

Huyo mdogo wa miaka 3 mpeleke mwezi huu. Tatizo hili linaenda kwenye familia, na kwa umri wake haitaji kujua herufi, kuna vipimo vya picha na vya mwanga ambavyo mtoto anakaa tu kwenye mapaja yako. Mwambie daktari kwamba kaka yake ana jicho vivu na uombe apimwe namba ya macho kwa matone, kila jicho peke yake, hata kama anaonekana anaokota sindano chini.